Chai ya Shilingi 1,800: kisa cha karani aliyekabidhiwa wazee wa baraza

Kisa hiki nakitumia kila ninapokaa na makarani wapya wa mahakama, na kila mara kuna mmoja anayesema, "Lakini ilikuwa chai tu." Nakiandika chote ili wanaosema hivyo wapate pa kuanzia kubishana nami.

Majina yote nimeyaondoa. Wilaya siitaji, ila ni kanda ya kati. Hukumu ya mwisho sitaisema, maana ingelitambulisha shauri. Karani mhusika namwita K. Wazee wa baraza walikuwa watatu, nami nawaita Mwalimu, Mama na Mzee, kama tulivyowaita wenyewe pale mahakamani. Mimi nilikuwa karani mwenzake K katika kikao hicho hicho, na msomaji ataona kwamba sikukaa pembeni kama mtazamaji.

Usuli

Waingereza walipoitawala Tanganyika hawakutuletea juri ya watu 12 kama ya kwao. Walileta washauri, ambao sisi tunawaita wazee wa baraza, hata akiwa mama wa miaka 45. Tofauti ni kubwa. Kule Uingereza wale 12 ndio wanaoamua kama mtu ana hatia au hana, na jaji anafuata. Kwetu wazee wanasikiliza ushahidi wote, wanaweza kumuuliza shahidi maswali ya kupata ufafanuzi, kisha Jaji anawajumlishia ushahidi na kuwaeleza sheria, na kila mmoja anatoa maoni yake kwa mdomo. Jaji hafungwi na maoni hayo.

Mwaka wa kisa hiki, 2019, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ilisema kesi zote Mahakama Kuu zisikilizwe kwa msaada wa washauri wawili au zaidi. Lilikuwa sharti. Jaji asingeweza kuamua kwamba leo anaendelea peke yake.

Kikao kilikuwa cha kesi za mauaji. Kwa asiyejua: Jaji anatoka kituoni kwake na watumishi wachache, anakwenda wilayani kwa wiki kadhaa, na anatumia jengo la mahakama lililopo huko. Jengo tulilopewa lilikuwa na ukumbi mmoja wa maana, ofisi mbili, na stoo iliyojaa majalada ya zamani. Madirisha ya ukumbi yalikuwa ya vioo vya kufungua na kufunga kwa mkono, na karibu nusu ya vioo havikuwepo. Nje, chini ya dirisha la pili, palikuwa na benchi refu kwenye kivuli cha mwarobaini. Hapo ndipo walipokaa watu wote: mashahidi, ndugu wa marehemu, ndugu wa mshtakiwa, mawakili wanaosubiri zamu, na wazee wa baraza.

Ilikuwa Julai. Anayeijua Dodoma anaujua upepo wa Julai, unaoanza alfajiri na kuingia kwenye mifupa hadi saa tano. Naitaja hali ya hewa kwa sababu imo ndani ya kisa.

Mambo yalivyokwenda

*Jumatatu.* Wazee watatu walichaguliwa. Jaji alimuuliza mshtakiwa kama ana pingamizi na yeyote kati yao, akasema hana. Jaji akawaonya wazee wasizungumze habari za kesi na mtu. Mwalimu alikuwa mstaafu wa shule ya msingi, Mama alikuwa mkulima wa alizeti na mweka hazina wa kikundi cha kukopeshana, Mzee alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe. Naibu msajili akamgeukia K na kumwambia maneno matatu ambayo nayakumbuka hadi leo: "K, waangalie wazee."

Siku hiyo walisikilizwa mashahidi wawili. Wa kwanza alikuwa kaka wa marehemu. Alitoa ushahidi wake vizuri, akaruhusiwa kwenda. Hakwenda mbali. Nani angekwenda mbali na kesi ya mdogo wake?

*Jumanne, saa 4:15 asubuhi.* Shahidi wa nne alikuwa askari aliyeandika maelezo ya onyo ya mshtakiwa, yaani yale aliyoyatoa polisi baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika dhidi yake. Alipoomba kuyatoa kama kielelezo, wakili wa utetezi akasimama kupinga. Hapo inaanza kesi ndani ya kesi: Jaji anasikiliza kwanza ushahidi wa namna maelezo yalivyochukuliwa, kisha anaamua kama yapokelewe au yakataliwe. Wakati huo wazee wa baraza wanatolewa nje, kwa sababu maelezo yakikataliwa, wao hawapaswi hata kujua kwamba kulikuwa na mtu aliyekiri.

K akawatoa. Akawakalisha kwenye benchi la mwarobaini. Baada ya dakika mbili hivi akagundua kwamba sauti ya askari inatoka dirishani wazi kabisa, neno kwa neno. Akawaambia, "Wazee wangu, twendeni tukapate chochote cha moto." Wakavuka barabara hadi kwa mama lishe, kwenye banda la mabati lenye meza moja ndefu na mabenchi mawili.

*Saa 4:40.* Mimi nilikuwa ofisini nahangaika na fomu za posho za mashahidi. Fomu mbili zilikosa sahihi ya K na mhasibu alikuwa anaondoka. Simu iliyomtoa K pale bandani niliipiga mimi. Nilimwambia, "Njoo mara moja, dakika tano." Zikawa kumi na tano. Kabla ya kuondoka alimwambia mama lishe, "Niangalizie wazee wangu."

*Kilichotokea bandani.* Hiki tulikipata baadaye kutoka kwa Mama, na Mzee hakukikanusha. Mwalimu alikuwa ametoka kwenda kununua vocha. Kaka wa marehemu akaingia na wenzake wawili, akasalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," akawapa wazee shikamoo, akaketi mwisho wa benchi lile lile. Yeye na Mzee walijuana kwa sura kutoka mnadani, jambo ambalo Jumatatu hakuna aliyewauliza. Wakaulizana habari za mifugo na malisho. Kisha yule kaka akasema, bila kushusha sauti, "Sasa wanawatoa nje kwa nini? Yule kijana huko polisi alishakubali mwenyewe, na dole gumba kaweka. Wanapoteza muda tu."

Mzee akasema, "Kumbe!"

Mama hakusema kitu. Alichukua kikombe chake akahamia meza ya kuoshea vyombo, akasimama huko na kumalizia chai akiwa amewapa mgongo.

*Saa 4:55.* K akarudi na kutoa pochi. Mama lishe akamwambia, "Wameshalipiwa," huku akinyoosha kidevu kuelekea benchini. Chai mbili, chapati mbili na andazi moja: shilingi 1,800. K akazihesabu na kumpa kaka wa marehemu. Yule akacheka. "Chai tu hiyo, ndugu yangu. Hawa si wazee wetu?" K akazirudisha mfukoni.

Wakati wa kuvuka barabara Mama alibaki nyuma makusudi. "Mwanangu," alimwambia K, "yule mtu amesema mambo ya polisi. Mimi sikuyataka." K akajibu, "Mama, tusiyaongelee." Wakaendelea kutembea.

*Saa 8 mchana.* Jaji akatoa uamuzi mdogo. Sheria inawapa polisi saa nne tangu mtu akamatwe kumhoji, isipokuwa muda uongezwe kwa utaratibu wake. Maelezo yale yaliandikwa nje ya muda huo na hakukuwa na kibali cha kuongeza. Yakakataliwa. Wazee wakaitwa ndani, wakaketi, shahidi wa tano akaapishwa. Aliyeshika Biblia mbele ya shahidi ni K. Alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwa watu wawili waliojua kitu ambacho Jaji alikuwa ametoka kukizuia.

*Usiku.* Tulikuwa tukila chipsi mayai karibu na nyumba ya wageni. K akaniambia yote. Nilimjibu kwa maneno ambayo siyapendi kuyaandika: "Jaji haamuliwi na wazee. Achana nayo, tumalize kikao."

*Jumatano, saa 1:30 asubuhi.* K hakunisikiliza. Alikuwa mlangoni kwa naibu msajili kabla geti halijafunguliwa vizuri.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa K wa kuwaondoa wazee dirishani ulikuwa sahihi, na katika masimulizi ya kisa hiki watu huusahau. Angewaacha pale, wangesikia kutoka kwa askari mwenyewe, tena kwa undani zaidi. Kilichokosekana ni pa kuwapeleka. Hakuwa na chumba. Alichagua sehemu yenye joto iliyo karibu kwa sababu Mzee alikuwa anatetemeka ndani ya shuka lake.

Uamuzi wa kuitikia simu yangu aliueleza baadaye kwa uaminifu: aliona kazi ya fomu ni kazi, na kukaa na wazee si kazi bali ni kuwasindikiza tu.

Kunyamaza tangu saa tano asubuhi hadi kesho yake kulikuwa na sababu tatu, na zote ni za kibinadamu. Aliogopa kulaumiwa. Alihesabu mashahidi waliokwishafika, mmoja kutoka mkoa mwingine, akaona ataharibu kikao kizima. Na hakuwa na uhakika kama kilichosemwa kina uzito, kwa kuwa yeye mwenyewe hakukisikia.

Jaji alipopewa habari hakuita wazee ofisini kimyakimya. Angeweza. Pengine angemaliza mambo kwa kumwambia Mzee ajisikie mgonjwa. Alifungua shauri ukumbini, mshtakiwa akiwa kizimbani, mawakili wa pande zote mbili wakiwepo, akamtaka K aeleze alichoona na alichoambiwa, na yote yakaandikwa kwenye mwenendo, yaani kumbukumbu rasmi za kesi. Kisha akawauliza wazee mmoja mmoja, wengine wakiwa ofisini kwa naibu msajili na mlango umefungwa. Mwalimu hakuwa na la kusema zaidi ya vocha. Mama alieleza kila kitu, pamoja na lile "Kumbe". Mzee alianza kwa kusema hawakuongea chochote, alipoulizwa mara ya pili akasema, "Alisema tu kwamba alikubali."

Wakili wa Serikali akashauri shauri liendelee, kwa hoja ile ile niliyompa K kwenye chipsi mayai: Jaji hafungwi na maoni ya washauri. Wakili wa utetezi akapinga. Jaji akaona wawili kati ya watatu hawawezi kuendelea. Angeondoka mmoja tu, sheria iliruhusu kuendelea na waliobaki. Wakikosekana zaidi ya mmoja, shauri linasimama na kuanza upya na washauri wengine. Ndivyo ilivyokuwa.

Matokeo

Mashahidi watano waliokwishasikilizwa walitakiwa kurudi. Kikao kilichofuata kilipatikana baada ya miezi saba. Mauaji hayana dhamana, kwa hiyo mshtakiwa alirudi mahabusu kwa miezi hiyo saba, kwa kosa la chai ambayo hakuinywa wala kuilipia. Shahidi wa tatu alikuwa amehamia kwenye vibarua vya mashamba mkoa wa Morogoro, akapatikana dakika za mwisho, na mambo mawili aliyoyakumbuka Julai hakuyakumbuka tena.

Kaka wa marehemu alionywa vikali. Nilimkuta nje ameketi kwenye msingi wa jengo, kofia mkononi. "Mimi nimewanywesha wazee chai," aliniambia, "kosa langu nini?" Sikuwa na jibu la sentensi moja. Hakuna aliyekuwa amemwambia Jumatatu, alipomaliza ushahidi wake, kwamba asiwakaribie wale watatu.

K aliandikiwa barua ya kujieleza. Mimi niliyepiga simu sikuandikiwa chochote.

Uchambuzi

Nianze na hoja ya "Jaji hafungwi", kwa sababu ndiyo inayolegeza mikono ya makarani. Ni kweli hafungwi. Lakini sheria ilipotaka kesi isikilizwe kwa msaada wa washauri, ilitaka msaada wa watu waliosikia kile kilichosemwa ukumbini. Mahakama ya Rufani imefuta mienendo ya kesi nyingi za mauaji kwa kasoro za washauri: hawakujumlishiwa ushahidi ipasavyo, walibadilishwa katikati, au waliachiwa kuhoji mashahidi kama mawakili wa upande wa pili. Hakuna hata moja kati ya hizo ambamo ilitosha kujibu kwamba Jaji angeamua vile vile. Tena kuna hili: karani hajui Jaji atafanya nini na maoni ya Mzee. Hiyo hesabu si yake kuipiga.

Kwenye nchi zenye juri kamili jambo hili limekwisha kupikwa hadi likaiva, na inafaa tuibe ujuzi. Uingereza yule mtumishi anayepewa kuwalinda wazee 12 wanapokwenda kushauriana anakula kiapo mbele ya watu wote: kwamba atawaweka mahali pa faragha panapofaa, hatamruhusu mtu kusema nao, na yeye mwenyewe hatasema nao habari za kesi, isipokuwa kuwauliza kama wamekubaliana. Angalia kinavyoanza: mahali. Kabla ya midomo ya watu kuna chumba. Zamani walikuwa wakali kupita kiasi, juri ilifungiwa bila chakula, bila kinywaji na bila moto, hadi sheria ya mwaka 1870 iliporuhusu moto na viburudisho, tena kwa gharama yao wenyewe. Kipengele hicho cha gharama makarani huwa wanakicheka, kisha wanaikumbuka ile 1,800 na kunyamaza.

Marekani kuna kesi mbili ambazo kila mtumishi wa mahakama angepaswa kuzijua. Katika Turner dhidi ya jimbo la Louisiana, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 1965, maofisa wawili wa sherifu waliokuwa wakiilinda juri kwa siku tatu za kesi ya mauaji ndio pia waliokuwa mashahidi wakuu wa upande wa mashtaka. Walikula nao, walipiga nao soga, waliwatumikia kwa shughuli ndogondogo. Haikuhitajika hata kuthibitisha kwamba waliongelea kesi. Ule ukaribu wenyewe ulitosha kuifuta hukumu. Mwaka uliofuata, katika Parker dhidi ya Gladden iliyotoka Oregon, mlinzi wa juri aliwaambia baadhi ya wajumbe kwamba mshtakiwa ni mtu mwovu na ana hatia, na akamwambia mmoja wao kwamba kukiwa na kosa Mahakama ya Juu italisahihisha. Hukumu ikaanguka.

Soma tena hilo la mwisho. "Mahakama ya Juu italisahihisha" na "Jaji haamuliwi na wazee" ni mtoto na mzazi wake. Nililitamka mbele ya sahani ya chipsi nikiamini nasema busara.

Sasa turudi kwetu, maana Louisiana haina mama lishe. Kosa la msingi la kisa hiki naliona kwenye yale maneno matatu, "K, waangalie wazee". K aliyaelewa kama ambavyo mtu yeyote aliyelelewa vizuri angeyaelewa: wazee wasipate baridi, wasikae na njaa, wasipotee. Aliyatekeleza yote. Hakuna aliyemwambia kwamba anachotakiwa kukiangalia ni masikio yao. Agizo lingekuwa, "Usiwaache hata dakika moja, asikae nao mtu yeyote, na likisemwa neno lolote la kesi uniambie saa hiyo hiyo," nisingeweza kumtoa pale kwa simu ya fomu. Angenijibu kwamba hawezi.

Jingine ni la adabu, na hapa vitabu vya kigeni havitusaidii. Kanda ya kati mtu haingii mahali penye wazee akakaa kimya. Salamu ni ndefu na chai ni sehemu ya salamu. Karani akimfukuza kaka wa marehemu bandani, ataonekana mshenzi, na wazee wenyewe watamuonea aibu. Kwa hiyo kumwambia karani "zuia watu" ni kumpa kazi ya kupigana na desturi mikono mitupu. Alichopaswa kupewa ni maneno. Siku hizi namfundisha karani aseme kabla mgeni hajaketi, kwa sauti ya heshima na kila mtu asikie: "Shikamooni. Wazee hawa leo ni wa mahakama hadi jioni. Wasalimieni, kisha mtuachie meza hii." Anayesikia hivyo haoni ametukanwa. Na shahidi anaambiwa na Jaji au wakili siku ya kwanza, akiwa bado kizimbani cha mashahidi: umemaliza, lakini usiwasogelee washauri hadi shauri liishe, na wala usiwanunulie kitu.

Mama anahitaji aya yake. Katika watu wote wa kisa hiki yeye ndiye aliyefanya karibu yote yanayotakiwa. Alihama meza, hakuuliza zaidi, alitoa taarifa kwa mtumishi wa kwanza aliyemwona, na alipoulizwa alisema kweli hata ile iliyomuaibisha jirani yake wa benchi. Jibu la K, "tusiyaongelee", nusu yake ya kwanza ilikuwa nzuri. Karani asichimbue kilichosemwa, maana atakuwa amekisambaza zaidi. Nusu iliyokosekana ni "namwambia naibu msajili sasa hivi". Kama angeisema saa 4:57, Jaji angelijua jambo hili kabla shahidi wa tano hajaapishwa. Mashahidi wa kurudiwa wasingepungua sana, nakubali, na wazee wawili wangeondoka vile vile. Lakini mshtakiwa asingelala usiku ule akihukumiwa na baraza ambalo mtumishi wa mahakama alijua lina doa. Kuna wenzangu wanaoona saa ishirini si kitu. Sikubaliani nao.

Kilichofanya kazi ni uwazi wa Jaji. Kuwauliza wazee mmoja mmoja ndiko kulikotoa tofauti kati ya jibu la kwanza la Mzee na la pili. Kuandika yote kwenye mwenendo kuliwapa mawakili kitu cha kushika endapo wangekata rufaa. Na K kueleza mbele ya mshtakiwa, jambo lililomtoa jasho kwenye baridi ile, kulimfanya mshtakiwa aelewe kwa nini kesi yake inarudi nyuma. Alimsikiliza K hadi mwisho, akatikisa kichwa mara moja.

Kuhusu swali la kujuana mnadani: Jumatatu mshtakiwa aliulizwa kama ana pingamizi. Wazee wenyewe hawakuulizwa kama wanamjua marehemu, ndugu zake au mashahidi. Mji ule una mnada mmoja na watu wote wa ng'ombe wanakutana hapo. Swali moja lingemtoa Mzee siku ya kwanza bila aibu yoyote.

Wengine wataniambia mambo haya yamepitwa na wakati, kwa kuwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yameondoa ulazima wa washauri katika kesi za jinai Mahakama Kuu. Waende wakakae siku moja kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Pale Mwenyekiti anakaa na washauri wasiopungua wawili, wanaoandika maoni yao, nayo yanasomwa mbele ya wadaawa, yaani pande zinazogombana, kabla ya hukumu. Mgogoro ni wa shamba au kiwanja. Washauri wanaishi mji huo huo, wanapanda daladala moja na wadaawa, wanasali pamoja. Na karani anayewapokea asubuhi bado anaambiwa awaangalie wazee, basi.

Kikao kilichofuata

Kabla ya siku ya kwanza, K na mimi tulitoa majalada yote kwenye ile stoo. Ilituchukua siku mbili na mafua ya vumbi. Tukaweka viti vitatu, meza, chupa ya chai, vikombe, na mkate uliolipwa na mahakama. Dirisha lake linatazama ukuta. Simu ya K niliichukua mimi kila asubuhi na kuirudisha jioni; aliomba mwenyewe.

Siku ya pili kaka wa marehemu alifika mlangoni na mfuko wa zabibu, akasalimia, akaulizia hali za wazee wapya. K alitoka, akaufunga mlango nyuma yake, akaipokea salamu na kuirudisha yote, habari za nyumbani, za watoto, za mvua iliyochelewa. Zabibu hakuzipokea. Walikaa wote wawili kwenye benchi la mwarobaini, ambalo tulikuwa tumelihamishia upande wa pili wa jengo, wakazila wenyewe hadi kengele ya kuingia ilipolia.